Ukinunua Vyumba vya Kupangisha, Anza na Kisima

Leo tutajifunza habari ya kisima. Lakini tutaanza na habari ya fedha.

Ufuta na korosho zikiuzwa vizuri, baadhi ya wananchi wa Kibiti na Rufiji hupata akiba. Mmoja hununua pikipiki. Mwingine huongeza shamba. Wa tatu husema, "Nitanunua nyumba ya vyumba vya kupangisha. Kila mwezi nitapokea kodi."

Fikra hiyo si mbaya. Kibiti, Bungu na Ikwiriri ziko kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari hayangoji tena kivuko cha mto. Walimu, mafundi, wafanyabiashara na madereva wanataka mahali pa kulala. Hata kule Nyamisati, abiria wa Mafia wanaosubiri chombo wanahitaji chumba.

Nyumba nyingi za namna hii zimejengwa kuzunguka ua mmoja. Kuna vyumba vinane au kumi. Kuna choo kimoja au viwili. Na uani kuna kisima kimoja cha wote. Mnunuzi anapokuja huhesabu vyumba. Hutazama mabati. Hugonga kuta kwa mkono. Kisima hukitazama mwisho, au hakitazami kabisa.

Somo la leo ni hili: anza na kisima. Kodi utapokea wewe, lakini maji watakunywa wao. Ukinunua ua wenye kisima, umenunua pia dhamana ya afya ya watu wote wanaoteka humo.

Ua wenye vyumba kumi

Nitawaeleza jambo nililoliona nikiwa kazini katika zahanati. Sitataja kijiji wala jina la mtu.

Masika ilikuwa inakwisha. Siku ya Jumatatu waliletwa watoto wawili wanaoharisha. Jumatano akaja mama mmoja. Kufika Jumamosi wagonjwa walikuwa saba. Nilipotazama daftari niliona wote wametoka katika ua mmoja. Mtoto mmoja wa mwaka mmoja na nusu aliletwa amechelewa. Macho yalikuwa yameingia ndani na hakuwa na machozi. Alifariki njiani akipelekwa hospitali.

Nilikwenda katika ua ule pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Maji ya kisima yalikuwa meupe, baridi na matamu. Hayakuwa na harufu. Mwenye nyumba alikuwa amenunua ua huo miezi michache tu nyuma. Alikunywa kikombe kizima mbele yangu ili nione kuwa maji ni safi. Choo kilikuwa mbali, kwenye kona ya ua.

Alikuwapo bibi mmoja jirani, mkazi wa siku nyingi. Nikamwuliza, "Bibi, shikamoo. Choo cha zamani kilikuwa wapi?" Bibi akaitikia, kisha akanyosha kidole kwenye chumba cha tisa.

Tukaelewa. Zamani ua ulikuwa na vyumba vinane. Muuzaji alitaka bei kubwa zaidi. Alifukia shimo la choo juujuu, akajenga vyumba viwili juu yake, akachimba choo kingine pembeni. Kutoka ukuta wa chumba cha tisa hadi kisimani tulihesabu hatua tisa tu. Udongo wa pale ni mchanga. Mvua za masika zilipandisha maji ya ardhini yakafika kwenye shimo lile, kisha yakatiririka hadi kisimani. Maji yalipopimwa yalikutwa na vijidudu vya kinyesi.

Mwenye nyumba alikaa chini. Akasema, "Mimi nilihesabu vyumba kumi, nikafurahi."

Ndugu msomaji, mtu yule hakuwa mbaya. Hakuambiwa, na yeye hakuuliza. Somo hili limeandikwa ili wewe uulize.

Jambo hili si geni

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa jiji la London, Uingereza. Daktari John Snow alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mnateka wapi?" Akaona wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa katika barabara ya Broad Street. Aliwashawishi viongozi wa mtaa, wakaondoa mpini wa pampu. Baadaye ilionekana kuwa shimo la maji machafu la nyumba ya jirani lilikuwa karibu sana na kisima, chini ya mita moja. Maji yale nayo yalisifiwa kwa utamu.

Sisi pia tumeonja machungu hayo. Mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kilienea nchini Tanzania, na wilaya ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa zilizopatwa. Wazee wanakumbuka pia mwaka 1973, wakati wa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikutana katika vikundi vya kujisomea, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kazi ile ilikuwa ya wote. Siku hizi wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga. Pale uani, wa kwanza kuulizwa ni mwenye nyumba.

SEHEMU YA KWANZA: Mambo sita ya kutazama kabla ya kutoa fedha

*1. Umbali wa choo.* Choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Tembea kutoka kisimani hadi chooni ukihesabu hatua. Zikipungua 40, pima kwa futi kamba. Choo kiwe upande wa bondeni, na kisima kiwe upande wa mlimani. Usipime choo cha ua wako tu. Pima na vyoo vya majirani. Ua unazuia mbuzi, hauzuii maji yanayopita chini ya ardhi. Kisha uliza habari za vyoo vya zamani vilivyofukiwa. Usimwulize muuzaji peke yake. Waulize akina mama wanaoteka maji na wazee wa mtaa.

*2. Mdomo wa kisima.* Kisima kizuri kina ukuta wa mviringo uliosimama juu ya ardhi, kiasi cha kiuno cha mtu. Kina mfuniko. Kina sakafu ya saruji kukizunguka na mfereji wa kupeleka mbali maji yaliyomwagika. Ukiona kidimbwi pembeni mwa kisima, ujue maji ya kidimbwi hicho yanarudi ndani. Maji yaliyokanyagwa na miguu, kuku na mbuzi ndiyo watu watakayokunywa.

*3. Wingi wa maji.* Mtu mmoja anahitaji walau lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Tufanye hesabu pamoja. Ua una vyumba 8. Kila chumba kina watu 3. Hao ni watu 24. Zidisha 24 kwa 20, unapata lita 480. Hizo ni ndoo 24 kubwa kila siku, kabla ya kufua nguo. Kwa hiyo teka ndoo 24 asubuhi moja. Rudi jioni utazame kama maji yamerudi mahali pake. Fanya jaribio hili mwisho wa kiangazi, mwezi wa Oktoba. Wakati wa masika kila kisima kina maji.

*4. Chumvi.* Katika delta, huko Salale, Mbwera na Maparoni, maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Ukiteka kwa ndoo, taratibu, unapata maji baridi. Ukifunga pampu yenye nguvu ukavuta kutwa nzima, unayamaliza ya juu na kuvuta chumvi ya chini. Kisima kilichoharibika hivyo huchukua muda mrefu kupona. Kumbuka pia kuwa kuchemsha hakuondoi chumvi. Uchunguzi uliofanywa katika pwani ya Bangladesh umehusisha maji ya kunywa yenye chumvi nyingi na shinikizo la damu kwa wajawazito. Kwa hiyo onja maji wakati wa kiangazi, na uonje tena bahari ikiwa imejaa.

*5. Alama ya mafuriko.* Mwezi wa Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika na kuingia katika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Uliza, "Mwaka ule maji yalifika wapi?" Tazama alama ukutani. Kama maji yalipita juu ya mdomo wa kisima, uliza kisima kilisafishwa lini na nani alikisafisha.

*6. Kupimwa.* Macho hayaoni vijidudu. Ulimi hauvionji. Nenda kwa Afisa Afya wa kata au ofisi ya RUWASA ya wilaya, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Uliza maji yanapimwaje na gharama yake ni kiasi gani. Usichukue maji katika chupa ya soda ukadhani ndiyo sampuli. Chupa ya kupimia huandaliwa maalumu. Mwombe muuzaji angoje majibu. Muuzaji anayekukimbiza kulipa kabla ya majibu amekwisha kukupa jibu.

Je, ukiona kasoro ufanye nini? Una njia tatu. Kasoro ndogo, kama mfuniko au sakafu, punguza bei kwa kiasi cha gharama ya kutengeneza. Choo kikiwa karibu, na kiwanja kina nafasi, weka katika hesabu yako gharama ya kukifunga na kuchimba kingine mbali. Kumbuka kuwa choo kilichofungwa leo hakijaacha kuchafua leo. Maji yasinywewe mpaka yatakapopimwa na kuonekana salama. Lakini kiwanja kikiwa kidogo, na vyoo vya majirani vimekizunguka kisima pande zote, ondoka. Hakuna bei ndogo inayosafisha maji.

SEHEMU YA PILI: Karatasi

Mimi si mwanasheria. Nitataja machache ambayo kila mnunuzi apaswa kuyajua.

Kama kiwanja kiko katika ardhi ya kijiji, mauziano yapitie halmashauri ya kijiji, siyo kwa mwenyekiti peke yake chini ya mwembe. Kama nyumba ni ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwone mke au mume wa muuzaji. Msikie kwa masikio yako.

Kuhusu maji, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema kuwa maji yote, ya juu na ya chini ya ardhi, ni ya umma. Maana yake, unanunua kiwanja na shimo. Hununui maji. Kama kisima ni kirefu na kimechimbwa kwa mashine, dai uonyeshwe kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Na kama majirani wamezoea kuteka hapo tangu zamani, zungumza nao mbele ya serikali ya kijiji kabla ya kununua. Anayefunga kisima siku ya kwanza huanza na uadui, na usiku ukuta wake utavunjwa.

Katika hati ya mauziano andikeni kisima kiko wapi, vyoo viko wapi, na mashimo ya zamani yalikuwa wapi. Muuzaji atie sahihi mbele ya mashahidi.

SEHEMU YA TATU: Kukisimamia kisima

Umekwisha kununua. Sasa kazi inaanza.

Weka ndoo moja tu ya kutekea, yenye kamba yake. Ndoo hiyo isiwekwe chini. Itundikwe juu ya ukuta au kwenye roda. Kila mpangaji akitumbukiza ndoo yake iliyotoka kuoshea nepi, wote mtakunywa nepi hiyo.

Kisima kifunikwe kila baada ya kuteka. Mfuniko unazuia uchafu, na unamzuia mtoto asitumbukie.

Kufua, kuoga na kuosha vyombo kufanyike mbali na kisima. Mbuzi na bata wasifike hapo. Tengeneza uzio hata wa fito.

Chagua mpangaji mmoja awe mtunza kisima. Mara nyingi anayefaa ni mama anayeshinda nyumbani. Kazi yake ina faida kwa wote, basi usimwachie bure. Mpunguzie kodi kidogo.

Tenga fedha. Tuchukue mfano wa hesabu. Vyumba 8 kwa shilingi 20,000 ni shilingi 160,000 kwa mwezi. Ukitenga fungu moja katika kumi, ni shilingi 16,000. Kwa mwaka ni shilingi 192,000. Fedha hiyo iandikwe katika daftari lake na itumike kwa saruji, kamba, kupima maji na kutengeneza choo. Usiichanganye na ada ya shule wala harusi.

Kisima kikihitaji kuchimbuliwa, muite fundi mwenye kazi yake. Mtu asishuke kisimani peke yake. Hewa ya chini yaweza kuwa mbaya, naye akazimia. Akizimia, usimfuate. Wengi waliokwenda kuokoa wamekufa pamoja na aliyetangulia. Na kamwe usishushe kisimani pampu ya mafuta ikiwa inaunguruma. Moshi wake unaua.

Hata kisima kikitunzwa hivyo, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya maji kama karatasi yake inavyoelekeza. Yawekwe katika chombo chenye mfuniko. Bomba la mradi wa maji likifika mtaani kwenu, omba kuunganishwa. Kisima kitabaki kwa kufulia.

SEHEMU YA NNE: Baada ya mafuriko

Maji ya mto yakiingia kisimani, kisima hicho ni kichafu hata kama maji yameanza kutulia. Waambie wapangaji wasinywe. Kisha muite Afisa Afya. Kazi huenda hivi:

Kwanza, teka maji na tope mpaka kisima kitakate, na usugue kuta. Tope hula dawa. Ukitia dawa katika maji ya tope, umeitupa.

Pili, acha maji yarudi, kisha ujue kiasi chake. Pima upana wa kisima na kina cha maji kwa mita. Zidisha upana kwa upana, zidisha kwa kina, halafu zidisha kwa 0.8. Mfano: upana ni mita 1.2 na kina ni mita 2. Hesabu ni 1.2 × 1.2 × 2 × 0.8. Jibu ni karibu 2.3. Hizo ni lita 2,300.

Tatu, Afisa Afya ataandaa dawa ya klorini ya unga. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 70, gramu 50 huyeyushwa katika lita 20 za maji. Kwa kila lita 1,000 za kisima humiminwa lita 10 za dawa hiyo. Kisima chetu cha mfano kitahitaji lita 23. Dawa hii inaunguza macho na ngozi. Isichezewe wala isiwekwe karibu na watoto.

Nne, funika kisima saa 12 au zaidi. Mtu asinywe. Baadaye teka na kumwaga mpaka harufu kali ya dawa iishe. Kisha maji yapimwe.

SEHEMU YA TANO: Mtu akiugua

Mpangaji akianza kuharisha, mwenye nyumba asifiche. Wako wanaoogopa kwamba wapangaji watahama. Ni kweli, huenda mmoja akahama. Lakini ukificha, utawatoa wengine kwa jeneza.

Mpe mgonjwa maji ya ORS mara moja. Pakiti ya lita moja itiwe katika lita moja ya maji salama. Kama hakuna pakiti, changanya lita moja ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo na aendelee kunyonya. Mpeleke zahanati. Akiharisha maji kama ya mchele, akitapika, akilegea au macho yakiingia ndani, usingoje asubuhi.

Watu wawili wa ua mmoja wakiharisha katika juma moja, funga kisima na utoe habari zahanati siku hiyo hiyo. Yule mtoto niliyemtaja mwanzoni alikuwa wa saba. Kama tungeambiwa baada ya wale wawili wa Jumatatu kwamba nyumba yao ni moja, huenda angekuwa anatembea leo. Hata mimi nilichelewa kutazama daftari. Sasa kila mgonjwa wa kuharisha ninamwuliza kama Daktari Snow: "Mnateka wapi?"

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Choo kiwe mbali na kisima kwa mita ngapi? Nendeni mkapime katika ua mmoja wa kijiji chenu.
2. Kwa nini maji meupe na matamu yaweza kuleta ugonjwa?
3. Ua una vyumba 10, na kila chumba kina watu 4. Wanahitaji ndoo ngapi za lita 20 kwa siku?
4. Kwa nini ni vizuri kutazama kisima mwezi wa Oktoba?
5. Mwenye nyumba na wapangaji wagawane vipi kazi ya kutunza kisima? Andikeni masharti matano mtakayoyabandika ukutani.

Ndugu msomaji, kama unajua mtu anayetaka kununua vyumba, msomee somo hili kabla hajafungua mfuko.